Shangazi Hakwenda Uturuki Kuchukua Mzigo

Ukiwaambia watu wa Kariakoo au Darajani kwamba unakwenda Istanbul, swali la kwanza litakuwa unachukua mzigo gani. Mtaa wa Laleli na maduka yake ya nguo za jumla wanaujua wengi ambao misikiti ya mji huo hawajawahi kuitia macho. Ndiyo maana Shangazi, Mzanzibari wa mtaa wa Ng'ambo aliyehamia Uingereza zamani na kustaafu uuguzi hukohuko, alipotuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kusema yuko Istanbul, maagizo yalimiminika. Mmoja alitaka mapazia. Mwingine akatuma vipimo vya sebule ili auliziwe bei ya sofa. Wa tatu, asiyekosa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, aliuliza kama ameshaonana na Sultani Suleiman.

Sultani amefariki tangu 1566, akajibu Shangazi, na mapazia hata Birmingham yapo. Yeye kaja kusikiliza muziki.

Safari yenyewe ni ya kikundi kidogo kinachoongozwa na mwanamuziki: asubuhi darasa, mchana karakana na makumbusho, usiku burudani. Wenzake walikuwa daktari wa meno mstaafu kutoka Hamburg, mke na mume wa Kanada wanaofundisha piano, na kijana mpiga gitaa wa Lyon ambaye haongei kabla ya saa sita mchana. Siku ya kujuana kila mtu alitaja chombo anachopiga. Ilipofika zamu yake, Shangazi alivuta mtandio, akasema, "Mimi ni msikilizaji," kwa sauti ya mtu anayetaja cheo.

Na kwao ni cheo kweli. Masimulizi ya taarabu ya Unguja huanza na Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kijana Mohamed bin Ibrahim aliyepelekwa Misri kujifunza kupiga ganuni. Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905 na ipo hadi leo. Miaka yote hiyo wapigaji wamekaa jukwaani, lakini anayeamua kama usiku umenoga ni mwanamke wa safu ya tatu mwenye noti mkononi. Shangazi amekulia safu hiyo.

Kwa hiyo mguu wa kwanza ulipowapeleka Galip Dede, kijimtaa kinachoteremka kutoka Beyoğlu kuelekea mnara wa Galata huku kimepangwa maduka ya ala za muziki, hakusimama kwenye magitaa wala kwenye matoazi. Aliingia moja kwa moja palipokuwa na ganuni, akaiangalia kama anayekagua posa ya binti yake.

Ganuni ya Kituruki ina nyuzi sabini na kitu, zikifungwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huzichapa kwa vidonoo vilivyobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Upande wa kushoto kumepangwa vipande vidogo vya chuma, mandal, ambavyo huinuliwa na kulazwa kwa kidole huku muziki ukiendelea, ili kufupisha au kurefusha uzi kidogo tu. Udogo huo ndio kiini cha mambo. Kwa hesabu ya nadharia ya Kituruki, nafasi kutoka do hadi re hugawanywa koma 9. Piano katika nafasi hiyo ina kituo kimoja tu. Muuza duka akaonyesha: akainua mandal moja, akapiga, akainua ya pili, akapiga tena. Shangazi akaitikia kila mara kwa kichwa. Yule mama wa Kanada akauliza kwa upole kama chombo hicho kimeharibika, na kama kuna kingine.

Mumewe aliomba ganuni ile irudiwe mara kadhaa. Aliporudi hotelini, aliipita piano ya ukumbini bila kuigusa.

Darasa la nai lilikuwa na huzuni yake. Nai ya Kituruki ni utete wa vifundo 9 wenye matundu 7, sita mbele na moja nyuma, na juu huvishwa kipande cha mdomoni ambacho kwa desturi huchongwa kwa pembe ya nyati. Kuushika ni rahisi. Kuutoa sauti ni habari nyingine, na mwalimu aliwaonya mapema kwamba wapo wanafunzi wanaohangaika wiki nyingi kabla ya noti ya kwanza. Daktari wa meno hakuamini. Alipuliza kama mtu anayepoza uji, akapuliza tena, uso ukaiva, hadi kijana wa Lyon, kwa sentensi yake ya kwanza asubuhi hiyo, akamwomba akae chini. Shangazi hakupuliza. Aliiweka nai mapajani akasubiri mwalimu apige, ndicho alicholipia.

Alipong'ara ni kwenye mapigo. Katika muziki wa Kituruki mdundo hufundishwa kwa kupiga magoti kwa viganja, goti la kulia likisema düm na la kushoto tek, na mwanafunzi hukaririshwa mzunguko mzima kabla hajagusa ngoma. Mizunguko ya mapigo mawili au manne haikumshinda mtu. Kisha mwalimu akaleta ule wa mapigo 9, ambao hauhesabiwi tatu tatu tatu kama Mzungu anavyotarajia. Ni mbili, mbili, mbili, halafu tatu. Hapo ndipo darasa lilipovunjika. Mume na mke wa Kanada, wenye vyeti vya muziki ukutani, walipishana hadi wakaanza kulaumiana. Wakati huohuo kijana wa chai aliingia na sinia la vile vigilasi vyenye kiuno chembamba. Shangazi akavitazama vile vigilasi, akapiga magoti yake taratibu na kutamka:

"Cha-i, cha-i, cha-i, ka-ha-wa."

Mwalimu akasimama. Akamwomba arudie. Alirudia, kwa mapigo yaleyale, mara hii akiongeza mwendo, na kabla chai haijapoa darasa zima, Mjerumani akiwemo, lilikuwa linaimba orodha ya mkahawa kwa Kiswahili bila kukosea pigo hata moja. Ujumbe wa sauti wa tukio hilo ulifika nyumbani ukiwa na maelezo mafupi: "Nimeajiriwa."

Jioni moja walikwenda kwenye chuo cha kale cha twarika ya Wamevlevi cha Galata, kilichoanzishwa mwaka 1491 na ambacho sasa ni makumbusho. Sheria ya mwaka 1925 ilifunga vyuo vyote vya twarika nchini Uturuki, na sema, ile ibada ya kuzunguka, ikarudi hadharani kwenye miaka ya 1950 kama kumbukumbu ya utamaduni. Leo imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Kiongozi wao alieleza mavazi: joho jeusi ni kaburi, kofia ndefu ya sufu iliyoshindiliwa ni jiwe la kaburi, na gauni jeupe ni sanda. Alieleza pia kwamba hapapigwi makofi.

Kwanza husomwa sifa za Mtume, kwa sauti iliyotungwa na Itri, mtunzi wa Istanbul wa karne ya 17. Kisha nai ikaja peke yake. Waliozunguka walivua majoho, wakaanza na mikono imefumbatwa kifuani, wakaifungua kidogo kidogo, kiganja cha kulia kikitazama juu na cha kushoto chini, mguu wa kushoto ukiwa ndio mhimili. Shangazi amekua akiona Maulidi ya Homu, vijana waliopiga magoti safu kwa safu wakiyumba pamoja, kwa hiyo hakupiga picha wala hakushangaa. Mwishoni ikasomwa Kurani, na baada ya dua akaitikia "Amin" ya kusikika. Wenzake wote wanne wakageuka kumtazama. Tangu usiku huo, walipofika mahali wasipojua kama wavue viatu, wanyamaze au wapige makofi, hawakumwangalia tena kiongozi, walimwangalia Shangazi.

Konya walikwenda kwa treni ya mwendokasi. Alituma picha ya behewa na kuwakumbusha ndugu kwamba kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi imejenga pia SGR ya Dar es Salaam hadi Morogoro, akajibiwa kwamba sofa inaweza kusafirishwa kwa meli. Mjini Konya ndiko alikozikwa Maulana Jalaluddin Rumi, chini ya kuba la kijani, aliyefariki tarehe 17 Desemba 1273. Kila Desemba watu humiminika huko kuadhimisha usiku huo, ambao wafuasi wake Wamevlevi huuita usiku wa harusi. Shangazi alilieleza hilo kwa kirefu, kwa heshima zote. Binamu mmoja akauliza harusi ni ya nani na sare ni rangi gani.

Usiku wa mwisho walirudi Istanbul, kwenye meyhane, yaani baa, moja ya Beyoğlu, kusikiliza fasıl: nyimbo za makam moja, yaani ngazi moja ya sauti, zinazounganishwa mfululizo, polepole kwanza, kasi mwishoni. Wenzake waliagiza rakı, pombe inayogeuka maziwa ikitiwa maji. Yeye aliagiza ayrani, akaukuta ni mtindi wenye chumvi, akausukuma kando. Ganuni, fidla, klarineti na darbuka zilikaa pembeni. Mwimbaji, mama wa makamo, alipofika kwenye wimbo wa huzuni, mezani wakatulia kama walivyofundishwa Galata.

Shangazi akainuka.

Alifungua pochi, akatoa noti ya lira 100, akaenda mbele kwa ule mwendo wa kuyumba wa Ng'ambo usio na haraka, noti ikiwa juu. Kiongozi wa msafara alijifunika uso. Lakini katika nchi ambayo bwana na bibi harusi hubandikwa fedha na dhahabu mbele ya wageni, hapakuwa na la kueleza: mwimbaji alipokea, akaweka mkono kifuani, akarudia ubeti akimwimbia yeye. Nyuma ya noti za 100 zilizotolewa kuanzia 2009 kuna picha ya Itri yuleyule. Mfumuko wa bei umemla mzee wa watu vibaya, hanunui tena kitu cha maana, ila kwa kumtunza mwimbaji bado anatosha.

Kisha darbuka ikaingia na mapigo 9, na meza ya wageni ikalipuka kwa chai, chai, chai, kahawa. Mama wa Kanada alikwenda kutunza. Kijana wa Lyon akaenda mara mbili. Asubuhi yake, wakati mizigo inapakiwa, daktari wa meno hakuonekana hotelini. Walimkuta duka la kubadilishia fedha, akisisitiza yuro zake apewe kwa noti za mia mia tupu.