Andazi Halina Pembe

Mwanamume wa Kiturkana ana dume lake. Si dume lolote la zizini. Ni lile alilolichagua, akalipinda pembe, akalivika kengele shingoni na kulitungia wimbo. Akicheza ngoma huinua mikono juu kuiga pembe zake. Akiwa mtu mzima watu humwita kwa rangi ya dume hilo, neno Apa likitangulia, na jina alilopewa na mamaye husahaulika. Mimi sina dume. Nina andazi. Kila siku ya Mungu, kabla kengele ya shule haijalia, nalipokea likiwa moto kando ya barabara ya vumbi hapa Lopur, Turkana, na miaka yote niliyokaa huku sijasikia hata mtu mmoja akiliimbia. Deni hilo nalilipa leo, kwa nathari, maana sauti sina.

Wenye lugha watulie kwanza. Najua moja ni andazi na mengi ni mandazi. Lakini kuanzia Lodwar hadi Kakuma utasema "mandazi moja" na utaeleweka. Ukisema "andazi" utaulizwa kama umetoka Mombasa au umetumwa na serikali.

Tuanze na uzima wake. Andazi halifi. Mbuzi ni mnyama mtukufu, simvunjii heshima, lakini mambo yake ni mengi. Anataka maji, anataka malisho, anataka mtoto wa kumchunga ambaye kwa hiyo haji darasani kwangu. Homa ya mapafu ni yake, sotoka ya mbuzi ni yake. Kiangazi kilichoanza mwaka 2020 kilimeza misimu mitano ya mvua mfululizo na kuua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Huku kwetu mizoga tuliinusa kabla ya kuiona. Katika kipindi chote hicho sikuona mzoga wa andazi. Ngoroko, wale wezi wa mifugo, wakija usiku huswaga mbuzi, ng'ombe na ngamia. Hajapatikana aliyevamiwa kwa bunduki akaswagiwa mandazi. Kwa hiyo mzee aliyekuwa na mbuzi mia, na sasa ana kumi na wawili, anapokaa na kikombe cha chai ya rangi na mandazi mawili, msimcheke. Amehamishia mali yake penye usalama.

Tena andazi ni mwanadiplomasia. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wavulana waliotembea kwa miguu kutoka vita vya Sudan, na tangu hapo imepokea watu wa mataifa yasiyopungua kumi na tano. Hawa hawakubaliani juu ya Mungu, wala mpira, wala bei ya mbuzi. Lakini tumbukiza unga uliokandwa ndani ya mafuta yanayochemka uone. Msomali atasema hiyo ni bur. Msudani atasema ligemat, ingawa yake ni ya mviringo. Mhabeshi atakumbuka bombolino, jina alilorithi kwa Mwitalia aliyekuja kumtawala akaishia kumwachia kitindamlo. Wa kutoka Kinshasa ataita mikate, na Mrundi atasema amandazi bila hata kugeuza ulimi. Mkutano wa amani ulioitishwa kando ya karai ungeisha kabla ya jua kuwa kali.

Mama ninayenunua kwake hukaa nyuma ya jiko la makaa, kibandani pake mlango ni bati lililokunjuliwa kutoka makopo ya mafuta ya msaada. Bado unaweza kusoma herufi za USA kichwa chini, na bendera iliyofifia kwa jua. Watu hudhani msaada huliwa ukaisha. Yale mafuta yaliliwa, naam, lakini kopo limekuwa mlango, na mlango huo sasa unamlinda mwenye kupika mafuta mengine. Unga huukanda usiku, sukari na chumvi na hamira (iliki ni mambo ya pwani), akaufunika kwa kitambaa. Alfajiri huukata pembetatu kwa kisu ambacho hakijui kazi nyingine. Kipande kikiingia karaini kinazama, kinafikiri kidogo, kisha kinapanda juu kikivimba mashavu kama mtoto aliyenyimwa kitu. Kinajigeuza chenyewe. Mafuta ni yale ya jana yaliyoongezwa ya leo, na ya jana yalikuwa ya juzi. Rangi yake fundi wa Land Cruiser angeitambua. Mama huyu alinieleza siku moja kwamba mafuta mapya hayana ladha. Nilinyamaza. Mafuta, kama wazee, yanapewa heshima kwa umri.

Wataalamu wa lishe wana neno lao. Wanasema gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu ya wanga au sukari ina 4. Wanasema ngano iliyokobolewa imevuliwa ganda na kiini, imebaki wanga kwa sehemu kubwa. Wanasema Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidishe vijiko sita hivi vya sukari iliyoongezwa kwa siku, na kwamba chai yetu peke yake, tunavyoikoroga hadi kijiko kinasimama, imeshafika huko saa moja asubuhi. Yote ni kweli. Nami nawauliza: hapo mnalaumu au mnasifu? Kitu cha shilingi kumi kinachobeba nguvu nyingi hivyo, kinachokaa mfukoni, kisichohitaji sahani, maji wala kuni zangu, mngekiita nini kama mngekuwa mnachunga mbuzi hadi mpaka wa Uganda?

Kwani mpinzani wake ni nani? Sukuma wiki. Namheshimu sana sukuma wiki. Anapanda lori Kitale, anashuka Marich, anapita Kainuk ambako dereva huacha kupiga soga, anaruka mashimo hadi Lokichar, anafika Lodwar baada ya kilomita kama 300, halafu bado kilomita 120 hivi kuja Kakuma, katika joto la nyuzi 35. Akishuka huku, hana tofauti na karatasi aliyofungiwa. Ukimwagia maji anazinduka kidogo, kama abiria. Samaki je? Ziwa lipo, na Kalokol si mbali na Lodwar. Wanorwei walijenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo ya baridi ilikula umeme kuliko faida ya samaki, na kiwanda kilifanya kazi siku chache tu kikafungwa. Andazi halikuomba friji wala mfadhili. Maharagwe na njegere za msaada? Chakula bora kabisa, kwa mwenye kuni. Njegere kavu hukaa motoni hadi mpishi anasahau alikuwa anapika nini, na mzigo wa kuni hapa unanunuliwa kwa pesa ambayo ndiyo ingenunua njegere. Kwa hiyo watu hufanya hesabu ambayo hakuna bango la afya linaloifanya: wanahesabu moto pamoja na chakula. Andazi linakuja likiwa limeshalipiwa moto wake.

Mwaka 2015 wakimbizi wa Kakuma walianza kupata sehemu ya posho yao kwa simu, mpango uliobatizwa Bamba Chakula, ili mtu ajichagulie dukani. Ni wazo zuri. Mtu akajichagulia. Alichagua kile ambacho kingefika mwisho wa mwezi: unga, sukari, mafuta. Posho ilipokatwa, na imekatwa mara nyingi tangu hapo, orodha ilifupika, lakini haikufupika kwa kuondoa mafuta. Iliondoa vitunguu.

Nisiwe mnafiki nikaficha dosari za shujaa wangu. Mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, andazi la Lopur lilipungua. Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake, na nyingi ilikuwa inatoka upande ule wa Bahari Nyeusi. Bei ilibaki ileile, pembetatu ikawa ndogo, katikati ukapatikana upepo. Nilimlalamikia mama. Akanijibu, "Mwalimu, si mimi, ni Warusi." Ni wakati pekee nilipomwona andazi akiingia siasa.

Huko Nairobi wanalo binamu lake kubwa, gumu, zito, linaloitwa KDF kwa heshima ya jeshi letu. Ukilila saa nne unasimama imara hadi jioni. Lakini mwenye cheo kuliko wote katika ukoo huu yuko hospitalini: ile pakiti ya siagi ya njugu wanayopewa watoto waliokonda sana, gramu 92, kalori 500. Ndani mna njugu, sukari, mafuta na maziwa ya unga pamoja na vitamini. Imetoka kiwandani, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, na imewatoa watoto wengi kaburini Turkana. Kwa hiyo mtu akiniambia chakula cha kiwandani ni sumu, namwomba aje aseme hivyo mbele ya mama aliyebeba ile pakiti. Atapata jibu kwa Kiturkana.

Lodwar nako andazi limepanda daraja tangu serikali ya kaunti ilipoingia mwaka 2013. Ilikuja na ofisi, ofisi zikaja na semina, na semina bila chai ya saa nne ni mahubiri tu. Nilihudhuria moja iliyohusu lishe bora. Mtoa mada alituonyesha sahani iliyogawanywa: nusu mboga na matunda, robo nafaka, robo protini. Tukapiga makofi. Kisha tukaenda kwenye meza ya nyuma, ambako kulikuwa na mandazi, sambusa, soseji na soda baridi, na mtoa mada mwenyewe alikuwa ametangulia. Sikumlaumu. Alikuwa amesafiri tangu usiku, na ile sahani yake ilikuwa ukutani.

Wasomi nao wamekuja kutupima. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Amanda Lea lilichapisha matokeo ya kupima Waturkana watu wazima zaidi ya 1,200. Wachungaji wa kuhamahama, wanaopata sehemu kubwa ya nguvu zao kwa maziwa, damu na nyama, walikuwa na mioyo na shinikizo la damu la kutamanika. Waliohamia mijini walikuwa na unene, sukari na presha zaidi. Mwaka 2025 watafiti hao, wakiwamo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakaeleza kwamba mwili wa Mturkana una jeni, STC1, iliyojizoesha kwa maelfu ya miaka kuhimili ukame na ulaji wa mnyama: figo zinabana maji na kuvumilia mzigo wa nyama. Hebu fikiria. Miaka kama elfu tano mwili unatandika jamvi ukimngoja ngamia. Hodi inapigwa, mlango unafunguliwa, anaingia andazi na chupa ya soda. Mgeni ni mgeni, umemkaribisha, atalala.

Mimi si Mturkana, sina jeni ya kusingizia. Nina mshipi. Nilipohamia huku ulikuwa na matundu matano na nilitumia la tatu. Sasa nimetoboa la sita kwa msumari, tena sikumwita fundi kwa aibu. Kijijini wanasema nimependeza. Mzee mmoja alinishika tumbo hadharani akasema, "Mwalimu, mvua imenyesha kwako." Mahali ambapo watu wamezika watoto kwa njaa, huwezi kusimama ukaeleza kwamba tumbo lako ni ugonjwa. Utaonekana unaringa.

Na sasa niseme jambo lililonifanya nishike kalamu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, mandazi hufungwa kwa karatasi yoyote iliyopo, na iliyopo kwa wingi ni daftari zilizokwisha. Wiki jana nilifungiwa mandazi yangu mawili katika ukurasa ulionyonya mafuta hadi ukawa kama kioo. Nikaona wino mwekundu. Nikaona mwandiko wangu. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi wangu wa mwaka jana, somo la sayansi, ametaja makundi ya vyakula vizuri kabisa, na pale kwenye mfano wa wanga alikuwa ameandika "mandazi". Nilikuwa nimempa alama ya vyema. Hadi sasa sioni mahali alipokosea.

Nilikuwa nimesimama hapohapo, bado nasoma, alipopita mhudumu wa afya ya jamii na mkoba wake, mmoja wa ile mikoba waliyoanza kugawiwa mwaka 2023. Alikuwa anatoka nyumba ya jirani. Alinionyesha alichotumia huko: utepe wa kupima mkono wa mtoto, wenye nyekundu, njano na kijani, na kile kimashine cha kupima sukari. Mjukuu, miaka miwili, mkono umeangukia njano. Bibi yake, sukari imepanda. Mkeka mmoja, sufuria moja, chai ileile ya asubuhi. Vitu vyote viwili vilirudi katika mkoba mmoja, na zipu ikakubali.

"Mwalimu, na wewe nikupime? Umekula?"

Nikamwambia bado. Kidole kilikuwa kinang'aa mafuta.

"Nenda ukanawe kwanza. Sukari ikiwa kidoleni itanidanganya."

Nikampa karatasi anishikie. Nikaenda kwenye mtungi wa mama nyuma ya ule mlango wa USA, nikajimwagia maji kidogo, maana maji ya mtu hayachezewi, nikasugua, nikajifuta kwenye suruali. Niliporudi, mandazi yangu mawili yalikuwa moja na nusu. Akanichoma, tone likapanda kwenye kile kijiti, mashine ikahesabu ikatoa namba. Akaisoma akiiandika kwenye simu. Ilibidi nimwombe airudie, akishameza.