Mwongozo wa Kuuza Mtungi Uliorithi

Pokea pole na hongera kwa mkupuo mmoja. Pole kwa kufiwa na mjomba. Hongera kwa mtungi mweupe uliokutwa stoo kwake Ilala, nyuma ya debe la nati na hozi zilizokakamaa, ubavuni umeandikwa R-12 kwa maandishi yaliyoanza kubabuka. Mjomba alikuwa fundi AC wa magari tangu enzi za Peugeot 505. Kwenye kikao cha ndugu, cherehani ilileta ugomvi wa siku mbili. Mtungi ukapewa wewe, na kila mtu akaitikia "sawa" kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Hapo ndipo ulipopaswa kushtuka.

Hukushtuka, maana una binamu Marekani. Binamu atakueleza kwamba kule R-12, gesi hii ya AC, iliacha kutengenezwa mwishoni mwa 1995, bei ikapaa, na maofisa wa forodha wa Miami wakawa wanaikamata ya magendo kama wanavyokamata kokeni. Yote kweli. Asilokwambia ni kwamba kule hairuhusiwi kuuzwa kwa kila mwenye gari: fundi wa AC za magari sharti awe na cheti. Nawe huko Miami hupo, uko Ilala, na mtungi uko begani.

Ukifika gereji, usianze na bei. Anza na historia, wateja huipenda. Waambie gesi hii ilibuniwa mwaka 1928 na kina Thomas Midgley, ikasifiwa kwa kuwa haishiki moto na haimdhuru anayeivuta kidogo. Usifike mwaka 1974, Molina na Rowland walipoonyesha kwamba inapanda juu na kula tabaka la ozoni. Wala usiguse Itifaki ya Montreal ya 1987. Ikibidi kujitetea, sema kwamba kilichokatazwa katika nchi zetu kuanzia tarehe 1 Januari 2010 ni kuitengeneza na kuiingiza, na mtungi wa mjomba uliingia zamani. Ni utetezi mzuri. Una kasoro moja tu: magari yenyewe yalishaihama. Viwanda vya magari vilianza kuhamia R-134a mwanzoni mwa miaka ya 1990, na karibu kila gari unaloliona barabarani halijawahi kuonja gesi yako.

Sasa thibitisha kilichomo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Fundi alifunga geji kwenye valvu, akaifungua, sindano ikapanda hadi paundi 95. "Kaka, huu umejaa," akasema. Nikafurahi kama mtoto wa Idi. Pembeni alikaa mzee mmoja, kofia imemzidi kichwa, akacheka mpaka akakohoa. Ndani ya mtungi, alisema, gesi na majimaji yake viko pamoja. Maadamu limebaki hata tone la majimaji, geji itasoma vilevile, kama ni kilo kumi au kikombe kimoja. Geji inakusomea joto la siku hiyo. Ukitaka kujua umebakiza nini, tafuta mzani.

Nikaenda kwa muuza mchele. Kilo 12 na gramu 400, toa kilo 3 za mtungi mtupu. Kilo 9 na gramu 400 za kitu.

Nasema "kitu" kwa makusudi. Kwenye nyuzi 30, ambazo Dar es Salaam ni asubuhi ya kawaida, R-12 husoma kama paundi 93 na R-134a kama 97. Sindano ya geji ya yule fundi hupishana paundi tano ukipiga chafya. Gesi ya AC za zamani za majumbani, R-22, ingesoma zaidi ya 150 na ungeijua papo hapo. Lakini hizi mbili zinafanana kama pacha mbele ya mjomba asiyeona vizuri. Kipo kifaa cha kutambua gesi. Fundi alikuwa amewahi kukiona kwenye picha.

Alipendekeza kiberiti. Fungua valvu kidogo, washa: ikiwaka ni ya kupikia, isipowaka ni halali. Mzee akasimama na kuondoka na kiti chake. Alikuwa na sababu: R-12 ikipita kwenye moto hutoa fosijeni, sumu iliyotumika kuua askari kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Yawezekana isiwake hata kidogo na bado ukalazwa.

Wateja watakuja wa aina tatu. Wa kwanza ni mwenye Benzi la zamani, W123, linalong'aa kuliko lilipotoka kiwandani. Mwamkie vizuri. Atapapasa mtungi kwa mapenzi, atasimulia safari ya Tanga ya mwaka 1984, kisha atakwambia gari lake lilishahamishiwa 134: oili ya zamani ilisafishwa ikawekwa inayopatana na gesi mpya, oringi na draya vikabadilishwa. Huyo alihudumiwa na fundi mwaminifu. Wengi huingiziwa 134 juu ya oili ileile, oili hiyo haisafiri na gesi hiyo, kompresa inabaki kavu, na baada ya miezi michache wanaambiwa "kompresa za siku hizi feki".

Wa pili ni fundi asiyejali majina. Kwake zote ni gesi. Atakuonyesha njia mbadala aliyoipenda, mtungi wa kupikia, na atakuapia kwamba inapoza kuliko zote. Hadanganyi. Propani hupoza vizuri sana. Ila ni moto unaosubiri cheche, na evaporeta iko nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya mama watoto. Huyu akitaka kununua R-12 yako, jua anataka kuichanganya, na gesi iliyochanganywa haichambuliwi tena na yeyote gerejini. Mwaka 2011 gesi bandia iliingia kwenye mashine za makontena ya baridi, ikala aluminiamu, baadhi zikalipuka na mafundi wakafa. Kwa hiyo nawe usiudhike mnunuzi anapokutazama kwa shaka.

(Njia mbadala za kisasa, R-1234yf na kabonidioksidi, nazitaja kwa heshima tu. Ya kwanza bei yake inaumiza, ya pili inataka mabomba ya kustahimili mgandamizo wa zaidi ya bari 100. Hozi za mjomba zingekufa kwa hofu.)

Wa tatu ni dogo anayetengeneza majiko. Anatoa bei nzuri, pesa mkononi, lakini anaununua mtungi, siyo kilichomo. "Bro, nimwagie hiyo hewa kwanza." Kilo moja ya hiyo hewa hupasha dunia kama tani kumi hivi za kabonidioksidi. Nilimweleza. Akasikiliza kwa adabu, akauliza kama ninaweza kuimwaga usiku.

Ukishindwa kuuza, jaribu kuikabidhi. Kuiteketeza inavyotakiwa kunataka tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000. Niliipigia simu ofisi moja, nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Baada ya miezi mitatu nikaambiwa barua imeonekana.

Mtungi ukarudi stoo. Juzi niliupeleka tena kwa muuza mchele, kwa kutaka kujua tu. Kilo 12 na gramu 100. Nikaweka sikio kwenye valvu, nikabana pumzi. Sikusikia chochote.