Bahasha ya Bunduki

Mama mkwe wangu ndiye aliyeweka sharti la kwanza, na haki ya kuliweka alikuwa nayo. Vita vilipofika Fizi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika, mdogo mgongoni, mkubwa ubavuni, milio ya bunduki nyuma yake. Wanawe aliwalea katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako mimi pia nilikulia. Basi baba watoto alipotamka mezani, hapa Missoula katika jimbo la Montana, kwamba anataka kununua bunduki ya kuwindia, mama alisukuma sahani kando.

"Haitalala katika nyumba ninayolala mimi bila kufuli," alisema. "Na ufunguo nitaushika mimi."

Hakuna aliyembishia. Kabati la chuma likaandikwa la kwanza katika orodha ya manunuzi, kabla ya bunduki yenyewe, na dola 140 zikatoka katika bahasha ya dola 900 tuliyokuwa tumeijaza kidogo kidogo tangu majira ya baridi.

Shida yetu ilikuwa nyama. Mkazi wa Montana, hata mhamiaji mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, akishatimiza siku 180 jimboni hukata leseni ya kulungu kwa gharama ndogo. Majirani zetu hujaza friza kila Novemba. Kulungu mmoja aliyenona huweza kutoa kilo 20 za nyama safi isiyo na mafuta mengi, na kwa nyumba yenye mtu kama mama, anayejua kukausha nyama kwa chumvi na moshi, hiyo ni mboga ya muda mrefu.

Sheria ya jimbo inamtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 apitie mafunzo ya uwindaji kabla ya kupewa leseni. Baba watoto, kama wakimbizi wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana, aliandikiwa tarehe 1 Januari, na mwaka wake ni huo huo 1985. Sheria ikamwacha nje kwa siku moja.

"Mimi nimesamehewa," alisema.

"Sheria imekusamehe, baba watoto. Risasi haijakusamehe."

Tukajiandikisha watatu: yeye, mimi na kifunguamimba wetu, binti wa miaka 14. Huko tulifundishwa kuihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, kutoelekeza mtutu mahali usipokusudia kupiga, kukiweka kidole mbali na kifyatulio hadi dakika ya mwisho, na kujua kilichopo nyuma ya mnyama. Mwalimu aliongeza neno moja ambalo sikulisahau: mwindaji ana deni kwa mnyama, nalo ni kumuua upesi. Mnyama aliyejeruhiwa akapotelea msituni hakumlisha mtu, na kafa kwa mateso. Tangu siku hiyo kila dola iliyotoka kwenye bahasha niliipima kwa deni hilo.

Mjadala wa pili aliuleta shemeji yangu, yule aliyevushwa ziwa mgongoni. Yeye alitaka bunduki inayotumia risasi za .300 Winchester Magnum.

"Shemeji, hii inaangusha hata elki," aliniambia. "Tununue mara moja, tumalize."

Ni kweli inaangusha elki, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa zaidi. Lakini teke lake begani ni zaidi ya mara moja na nusu ya lile la .308 Winchester, na pakiti ya risasi zake 20 huuzwa ghali zaidi. Mtu anayeanza akipigwa teke la namna hiyo hujifunza kuogopa. Atafumba macho kabla ya mlio, atakivuta kifyatulio kwa mshtuko, risasi itakwenda kando. Kulungu wa mkia mweupe hahitaji nguvu hizo. Tangu ilipotoka mwaka 1952, .308 imelisha nyumba nyingi za Marekani, na kwa kuwa ni ya kawaida, risasi zake hupatikana hata katika maduka ya vijiji vidogo. Nilikuwa namfikiria na binti yetu. Kama bunduki ni moja kwa nyumba nzima, basi bega la kupimia ni la mdogo kuliko wote. Tulikubaliana .308, na tukiona bado ni kali kwa binti, tutamtafutia .243, iliyo laini zaidi, siku za mbele.

Kuchagua bunduki yenyewe kulikuwa kwepesi kuliko tulivyodhani. Siku hizi kuna kundi la bunduki za boliti zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye mfuko mdogo: Savage Axis, Mossberg Patriot, Ruger American. Kitako ni cha plastiki, chuma hakina mng'aro wa kuringia, lakini mitutu yake hupiga vizuri. Tuliichukua Ruger American, kwa sababu ilimkaa vizuri baba watoto na kifyatulio chake kinaweza kurekebishwa uzito, kati ya ratili 3 na 5. Ilitugharimu dola 440. Baba watoto akajaza fomu ya serikali, muuzaji akapeleka jina lake likakaguliwe, jibu likarudi safi. Mama akaipokea mlangoni, akaifungia kabatini, akaufunga ufunguo katika pindo la kitenge chake.

Zilibaki dola 320, na humo ndimo msiba ulimoingilia.

Shemeji alijitolea kutafuta darubini, akarudi na ya dola 75. Sanduku lake lilipambwa kwa maandishi makubwa: inavuta mara 6 hadi 24, kioo cha mbele ni milimita 50. Alikuwa na furaha ya kweli, kwa kuwa aliamini ametuokolea pesa. Waliifunga juu ya bunduki usiku huo huo, juu ya meza yangu ya kulia chakula, kwa bisibisi ya kufungia milango ya kabati za jikoni.

Kwenye uwanja wa shabaha walianzia yadi 25, kama inavyopasa, wakasogea yadi 100. Risasi tatu za kwanza zikatawanyika kwa upana wa sahani. Baba watoto akazungusha kirekebishi cha darubini kwenda kulia. Kila mlio mdogo wa kirekebishi husogeza pigo robo inchi kwa yadi 100, hivyo hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini risasi iliyofuata ikaenda juu. Akashusha, ikaenda kushoto. Shemeji akachukua zamu, akasogeza uso karibu sana na kioo ili aone vizuri, akafyatua. Ukingo wa darubini ukampasua juu ya nyusi. Darubini nzuri ya bunduki humwachia mpigaji nafasi ya inchi tatu na nusu au nne kati ya jicho na kioo. Hiyo ilimlazimisha ashike jicho karibu. Walirudi nyumbani na pakiti mbili tupu, shati lenye damu, na bega la baba watoto limevimba.

Usiku ule kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Shemeji, kitambaa usoni, alisema bunduki ni mbovu, iuzwe, tuongeze pesa tununue ya dola 1,000. Baba watoto alilaumu risasi. Kisha, kwa sauti ya chini, akajilaumu yeye mwenyewe, akasema labda mikono yake haifai kwa kazi hii. Hilo liliniuma. Kumwona mtu mzima anapoteza imani kwa sababu ya kitu kilichonunuliwa vibaya ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti.

Mama ndiye aliyetukalisha baraza.

"Mnauza kwa kosa la nani?" aliuliza. "Bunduki, risasi, darubini, mpigaji: wako wanne. Mtengeni mmoja mmoja hadi mwenye kosa ajulikane. Wa kuuzwa ni huyo."

Kifunguamimba akaenda chumbani, akarudi na rangi yake ya kucha. Akapaka mstari mwembamba kwenye kila skrubu, kutoka kichwa hadi chuma kinachoishikilia, na mwingine pale pete zinapokumbatia darubini. Kama kuna kilichosogea, mstari utakatika. Kwenye mafunzo hatukufundishwa hilo. Alikuwa amewaona mafundi wa baiskeli wakifanya hivyo. Walipokwenda tena uwanjani na risasi za kampuni nyingine, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, matundu yalitawanyika vile vile, na mistari yote ilikuwa mizima. Skrubu zikaachiwa huru, risasi nazo.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda cha mbao, alisikia habari hizo akaja na darubini yake ya zamani, Leupold ya kuvuta mara 4 tu, isiyozidi wala kupungua. Aliifunga kwa kifaa cha kupimia mkazo wa skrubu, si kwa nguvu za mkono. Baba watoto akapiga tatu kwa yadi 100, na matundu yote matatu yakatosha ndani ya inchi moja na nusu. Nilimwona akikaa kimya, kisha akacheka kwa sauti. Bunduki ilikuwa nzima, mikono yake ilikuwa mizima.

Mwenye kosa alikuwa darubini ya dola 75. Ndani yake kuna mrija mdogo uliobanwa kwa springi, na kirekebishi huusukuma mrija huo. Springi ikiwa dhaifu, kila teke la bunduki huuhamisha, na hesabu zako zote zinakuwa bure. Mzee alitueleza pia kuhusu zile namba zilizompendeza shemeji. Sheria ya hapa inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na katika nusu saa hizo mbili ndipo kulungu hutembea zaidi. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya kuvuta: 50 kwa 24 ni mwali wa mwanga wa milimita 2 tu unaofika kwenye jicho, wakati mboni ya mtu gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Darubini ya kawaida ya 3 hadi 9, yenye kioo cha 40, ikiwekwa kwenye 4 humpa mtu milimita 10, zaidi ya anazoweza kutumia. Na kwa kulungu aliye yadi 150, kuvuta mara 4 au 6 kunatosha.

Dukani waliipokea ile ya shemeji, wakaturudishia nusu ya pesa. Tukatafuta ya 3 hadi 9 yenye dhamana ya maisha, ambayo kampuni kama Leupold na Vortex hutoa hata kwa mnunuzi wa bei ya chini, na pamoja na pete ikatugharimu dola 210. Bahasha ikapasuka. Ili tununue risasi za mazoezi, shemeji alijitwisha zamu za ziada kazini bila kuombwa, na ninamheshimu kwa hilo.

Novemba baba watoto alimwangusha kulungu wa mkia mweupe katika bonde la Bitterroot, yadi 110, risasi moja nyuma ya bega, na mnyama hakwenda hatua kumi. Mama aliikagua ile nyama yote kabla haijakatwa, akaonyesha tundu lilipopita, akasema kazi imefanywa kwa adabu.

Jamaa zetu wa Boise na wa hapa sasa hutupigia simu kuuliza wanunue bunduki gani ya bei rahisi. Mimi huwajibu hivi: toa kwanza pesa ya kabati la kufuli, kisha pesa ya pakiti nne za risasi za mazoezi. Kinachobaki kigawe, na usiruhusu bunduki imeze yote. Theluthi moja iwe ya darubini na pete zake. Chukua darubini yenye namba ndogo na kioo safi kutoka kwa kampuni inayosimama nyuma ya kazi yake. Bunduki ya dola 440 yenye darubini imara ni bora kuliko ya dola 1,000 yenye darubini ya dola 75. Ikiwa pesa haitoshi mwaka huu, subirini mwaka ujao, muazime ya jirani, au mle maharage. Ufukara wetu ni wetu kuubeba. Mnyama hana deni lolote kwetu, sisi ndio tunaodaiwa naye.