Mizani ya Mama Chebet

Wewe mwenye shemeji, keti nikwambie. Wangu tunamwita Injinia, ingawa chuo kilichompa cheo hicho hata mama yake hakijui. Ndiye aliyeifukuza pikapu yangu gerejini ili aunde ndege. Ndege kamili, ya viti viwili, injini ya farasi 80. Pikapu inalala nje, na ni Kericho hii ya mvua ya mawe!

Nilimkumbusha Gabriel Nderitu wa Nyeri, yule mtaalamu wa kompyuta aliyevuma mwaka 2010 kwa ndege aliyoiunda nyumbani kwa injini ya gari. Iliunguruma, ikakataa kupaa. Injinia akajibu kwamba Nyeri ni Nyeri. Mama Chebet, dada yake, akaongeza kwamba wivu haujengi. Kesi ikaishia hapo. Kwangu huwa haichelewi.

Kuunda kuliisha. Balaa ni kurekebisha. Injini ina kabureta mbili, na zisipovuta sawasawa inatetemeka hadi vikombe vya kabatini vinaimba. Kila Jumamosi mkia hufungwa kwenye mkaratusi wa Kogo, mama mkwe. Injinia anakaza kebo huku, analegeza kule, kisha anazima upande mmoja wa plagi asikilize kama mizunguko inashuka kupita kiasi. Siku moja upepo wa propela ulipeleka shuka za Kogo katikati ya michai. Wachumaji wakazirudisha ndani ya kikapu, zimejaa majani mawili na kichipukizi. Kogo hamgombezi mwanawe. Hunigombeza mimi. Kuku wakaacha kutaga, na hilo pia likawa langu.

Halafu kuna hesabu. Hapa tuko juu, mita 2,000 hivi, hewa ni nyepesi, na wale farasi 80 wanabaki kama 64. Kwa hiyo kila kilo ina kesi. Injinia aling'oa sponji za viti, akalitazama tumbo langu. Nikamwambia mimi sipandi.

Ikafika siku ya kupima. Ndege huwekewa mizani chini ya kila gurudumu, ujue uzito na pia umeegemea wapi. Ukizidi nyuma, pua huinuka angani na rubani asiweze kuishusha. Gurudumu la pua likapata mizani ya mahindi ya jirani, la kulia mizani mpya ya dukani, la kushoto ile ya bafuni ya Mama Chebet. Kulia kilo 131. Kushoto 122. Injinia akamwaga petroli yote, akapima tena. Tofauti ni tisa zile zile. Akaanza kufungua nati za bawa la kushoto, akitafuta kitu alichosahau.

Mama Chebet alisimama mlangoni na kibuyu cha mursik, kimya ambacho si chake. Chebet, tunayemwita Redio, ndiye aliyetangaza: "Mjomba, hiyo mama huirudisha nyuma na kale kagurudumu kabla hajapanda."

Sisi wakulima wa majani tumegombania mizani maisha yetu yote, lakini na karani wa kituo, si na mke! Injinia alirudisha nati zake bila neno. Mimi nilienda kukagua ng'ombe ambao hawakuhitaji kukaguliwa.

Sasa wakaguzi wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, lazima waione karatasi ya uzito kabla ndege haijaenda uwanja wa Kerenga, na mizani ya bafuni imefichwa. Mwenye mizani mbili zinazokubaliana, kuanzia Litein hadi Sotik, tafadhali atuazime. Nitazifuata mwenyewe kwa pikapu. Kioo kimoja bado kizima.