Semina ya Duluth

Minneapolis, Agosti

Ndugu zangu wa Kirumba,

Sisi huku wazima, isipokuwa king'ora cha moshi, ambacho hivi ninavyoandika kimelala ndani ya friza kati ya kisamvu na sato. Nitakifikia.

Mnajua mama mkwe yuko hapa tangu Mei. Amepewa miezi sita, na hadi sasa ameshaunga nazi kila kilichoingia jikoni kasoro maziwa ya mwanetu Shija. Usiku mmoja mke wangu, Mama Kulwa, akaninong'oneza kama tunapanga mapinduzi: mama akiondoka, hatutapata tena mtu. Nyinyi hamwezi kuelewa. Huko mtoto unamwacha kwa jirani, unakwenda harusini Magu, keshokutwa unamkuta ameoga na ameshajifunza matusi mapya. Huku yaya wa saa anataka dola 20 kwa saa, na kabla hajaja inabidi udeki nyumba asije akakusema. Tangu Kulwa na Doto wazaliwe, miaka mitano sasa, sisi wawili hatujala chakula kikiwa bado cha moto.

Tukaamua: Ijumaa hadi Jumapili, Duluth, kilomita kama 250 kaskazini, hoteli ya ziwani. Shida ikawa nani amwambie mama. Mimi mkwe, nimtazame usoni nimwambie namchukua binti yake twende gesti? Ndoa ninayo, cheti ninacho, picha ya harusi iko ukutani, lakini neno lenyewe liligoma kutoka. Nikausikia mdomo wangu ukisema:

"Mama, tuna semina."

"Ya nini?"

"Ya kazi."

"Wote wawili?"

Mimi napanga maboksi ghalani. Mke wangu anahudumia wazee. "Ni semina ya pamoja," nikasema. Mama akashusha miwani, akanitazama kidogo, akasema haya, Mungu awatangulie.

Mama Kulwa akaandika maelekezo, karatasi mbili, akazibandika kwenye friji. Dharura, 911. Dawa ya kikohozi ya Doto. Kifungua kinywa, 7:00. Chakula cha mchana, 12:00. Kulala, 8:00, bila mjadala. Mama, ambaye amelea watoto saba Muheza, akazisoma kwa utulivu wa mtu anayesoma risiti ya duka la watu wengine.

Tulikuwa tumeshamaliza nusu ya safari ndipo nikagundua kwamba redio inapiga nyimbo za watoto na sote wawili tunaitikia.

Unapoukaribia mji, barabara inapanda kilima, halafu ghafla ziwa lote liko chini yako. Superior. Nakiri jambo ambalo mtu wa Mwanza hapaswi kuliandika: ni kubwa kuliko letu. Katika maziwa ya maji baridi ndilo la kwanza duniani kwa eneo, kilomita za mraba kama 82,000. Letu la pili, kama 69,000. Kina chake kinafika mita 406, letu hata mia halifiki. Mama Kulwa, mtu wa Tanga aliyechoka miaka saba kusikia habari za Nyanza, alifurahi kupita kiasi. Nikamwambia letu angalau mtu anaoga. Nikavua viatu nithibitishe undugu wa maziwa. Sikufika hesabu ya tano. Vidole vilitoka vikiwa vya mtu mwingine.

Jioni tukaenda kwenye daraja la mfereji wa meli. Lina zaidi ya miaka 100, na kipande chake cha barabara hunyanyuka kizimakizima kama lifti meli ikitaka kupita. Ikaja meli ya madini ya chuma, urefu wake karibu mita 300. Ungepanga MV Victoria tatu moja nyuma ya nyingine. Ikapiga honi, moja ndefu, mbili fupi. Daraja nalo likaitikia vilevile, kama watu wanaoamkiana. Mfereji ni mwembamba, meli ilipita karibu hata nikamwona baharia mmoja amekaa anamenya chungwa. Mke wangu akanishika mkono. Ndugu zangu, dakika mbili nzima hakuna aliyetaja mtoto.

Kisha akasema, "Shija angeipenda hiyo honi." Tukapiga simu.

Saa tatu usiku, nyuma ya sauti ya mama kuna kelele kama za mwaloni Kirumba.

"Mama, hawajalala?"

"Bado. Muda wao haujafika."

"Na hicho kinacholia?"

"Hiki kidude chenu cha darini. Nakaanga samaki wangu, kikaanza kunipigia makelele. Nimekitoa, bado kinalalamika. Nitakitafutia mahali."

Mke wangu alisema ajinyooshe kidogo kabla hatujatoka kwenda kula. Saa tatu na nusu alikuwa anakoroma, nami nikamfuata. Tukalala saa 12 mfululizo, mapazia yamefungwa, na kesho yake tukarudia. Dirisha la ziwani nililipia mimi. Ziwa lilijitazama lenyewe.

Jumapili tukaingia nyumbani saa saba mchana. Watoto mezani, macho mekundu, wanakula vitumbua.

"Ndiyo kwanza wanaamka?"

Mama akanyoosha kidole kwenye friji. "Si mmeandika wenyewe? Kulala, nane. Nimewakesha mpaka saa nane usiku, huyu Shija anadondoka namwinua, anadondoka namwinua. Chai, saba. Nilishangaa, lakini nikasema nchi ya watu."

Hatukuwa na la kujibu. Nikamkabidhi zawadi, samaki wa kukaushwa kwa moshi. Akamnusa, akamegua kipande, akakubali kwa kichwa.

"Na semina ilikuwaje?"

"Nzuri, mama."

"Mmejifunza nini?"

Nikatazama sakafu. "Kulala," akasema mke wangu.

Mama akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Mimi na marehemu baba yenu, za kwetu zilikuwa Pangani. Kila mwisho wa mwezi. Watoto naacha kwa bibi yao, namwambia tunakwenda kuangalia shamba." Akamwongezea Doto kitumbua. "Pangani hatujapata kuwa na shamba."