Sifa za Barakoa ya Kidevuni

Tangu korona ithibitishwe Kenya tarehe 13 Machi 2020, sijaona kitu kilichotukanwa na wakubwa kwa wadogo kama barakoa iliyoteremshwa kidevuni. Madaktari waliisikitikia, redio ziliisimanga, wachora vibonzo walipata riziki kwayo, na askari walipoiona kwa mbali walijua hela ya chai imepatikana. Wakili hata mmoja haikupata. Basi leo naitetea mimi, mkazi wa Kutulo, bila malipo na bila haya.

Mshtakiwa asomewe kwanza mashtaka. Kanuni za afya ya umma zilizotolewa Aprili 2020 zilitaka kila mtu aliye mahali pa umma avae barakoa inayoziba mdomo na pua. Mkaidi angetozwa hadi shilingi 20,000, au afungwe hadi miezi sita, au apewe vyote viwili. Mwenye duka naye akaamriwa aweke mlangoni maji na sabuni, au kitakasa mikono. Tarehe 22 mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akaifunga kaunti yetu ya Mandera, asiingie mtu wala asitoke, na haikufunguliwa mpaka tarehe 7 Julai.

Shilingi 20,000 huku wakati ule zilikuwa mbuzi wanne au watano, kutegemea mvua. Mwaka ule nzige walikuwa wameshaingia kutoka Somalia tangu mwisho wa Desemba, wakatangulia kula malisho ambayo mbuzi walikuwa wakiyategemea, kwa hiyo pengine faini ingefika mbuzi sita. Na maji? Kiangazi kikikaza, maji huku huja kwa boza au kwa mkokoteni wa punda, yakauzwa kwa mtungi. Mteja aliyekuta mtungi umesimamishwa mlangoni mwa duka, una bomba na kipande cha sabuni pembeni, hakuuliza habari za virusi. Aliuliza mtungi ni bei gani.

Hapo mjadala ukaanza, na ulikuwa mtamu kuliko wa bungeni kwa sababu karibu kila msemaji alikuwa na deni kwa mwenzake. Mwenye duka alitaka barakoa kwa kuwa chifu angeweza kumfungia biashara. Lakini mteja yumo kwenye daftari la mkopo, na mtu uliyemfukuza mbele ya watu hana haraka ya kulipa. Mteja akasema amekuja kununua sukari na tambi, hakuja kufanyiwa upasuaji. Mzee mmoja akauliza mbona msikiti umefungwa na duka li wazi, au ugonjwa huu unaogopa sukari? Kijana aliyesomea Nairobi akaeleza jinsi matone ya mate yanavyoruka kutoka kinywa cha huyu hadi pua ya yule. Akaulizwa kama matone hayo yana kibali cha kuingia Mandera, maana mabasi yamenyimwa.

Barakoa ya kidevuni ndiyo iliyoamua kesi. Mteja anaingia nayo, mwenye duka anaiona: ipo. Chifu akitokea kwenye kona, kidole kimoja kinatosha kuipandisha. Sheria imeheshimiwa, mapafu yamepumua, na deni linaendelea kukua kwa amani. Kutulo ni mji ambao hata mpaka wake unavutwa na kaunti mbili, Wajir upande huu na Mandera upande ule, na wazee wameshakaa chini ya miti mingi kwa ajili ya jambo hilo. Sijui mti uliowahi kuzaa mapatano ya haraka kama yale ya kidevu.

(Simtetei binamu yake, ile barakoa moja iliyotundikwa kwenye msumari mlangoni, kila anayeingia akaivaa na anayetoka akairudisha. Ile ilikuwa na ukarimu uliopita kiasi.)

Tazama pia ya kidevuni ilivyojua adabu za mji. Barakoa ya puani haimruhusu mtu kunywa chai, na hapa biashara isiyo na chai huitwa wizi. Haimruhusu kutafuna miraa, na ukimwambia mtafunaji aivue na kuivaa kila anapotia jani mdomoni, usiku utaingia hajamaliza kitita. Haimruhusu kusalimiana, na salamu yetu ni ndefu: inauliza watu, mvua, ngamia, safari, kisha inarudi kwa watu. Ya kidevuni iliruhusu yote hayo. Upepo wenye vumbi ulipovuma kutoka barabarani ilipanda yenyewe hadi puani bila kushurutishwa na afisa yeyote, kwa sababu vumbi huonekana kwa macho na halihitaji waziri.

Lakini sifa yake kubwa imo kwenye barabara kuu, na msomaji wa Nairobi hataielewa asipoijua historia ya nyuso zetu. Serikali imezidai nyuso hizi tangu zamani. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa, wakapewa kadi ya rangi ya waridi waitembeze pamoja na kitambulisho, ithibitishe kwamba wao ni Wakenya kweli. Mpaka leo ukipanda basi la kwenda Garissa na Nairobi unashushwa kizuizini, unapanga foleni, unainua kitambulisho usawa wa shavu, na afande anatazama picha, anatazama uso, kisha anairudia picha kama anayetumaini itabadilika. Ndevu zikiwa zimeongezeka tangu siku ya kupigwa picha, una maelezo ya kutoa. Mama mwenye nikabu anaambiwa afunue. Miaka nenda miaka rudi amri imekuwa moja tu: tuone uso.

Halafu, Aprili 2020, serikali ileile, kwa sauti ileile na rungu lilelile, ikasema: funika uso.

Tulitazamana. Mama wa nikabu, aliyezoea kutiliwa shaka maisha yake yote, aliamka siku hiyo akiwa raia wa mfano katika kaunti nzima, na sisi wanaume ndio tuliokutwa wazi. Dukani ukazuka ubishi kama nikabu inahesabiwa. Sheria imesema mdomo na pua. Nikabu inaziba mdomo na pua. Kesi ikaisha kabla chai haijapoa. Kizuizini ndiko hesabu zilikokataa. Afande wa kwanza anakutaka ufunike kwa ajili ya korona, na mwenzake, hatua tano mbele, anakutaka ufunue kwa ajili ya usalama. Ukimtii huyu umemkosea yule. Barakoa ya kidevuni haijafunika wala haijafunua. Imekaa tayari kwa amri yoyote itakayotangulia. Nani mwingine ameshawahi kumshonea raia wa kaskazini-mashariki vazi lenye vipimo sahihi namna hii?

Wako waliosema kitambaa hakijawahi kumwokoa mtu. Wakaiulize barabara hiyohiyo. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, al-Shabaab walilivamia basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Wanawake Waislamu waliwavisha wenzao Wakristo hijabu ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa kuwatoa wenzake, akafariki Januari 2016. Hapo sina mzaha. Nasema tu kwamba watu wa njia hii walishajua, zaidi ya miaka minne kabla ya korona, kwamba kitambaa chako kinaweza kuwa uhai wa aliyeketi kando yako. Tulichohitaji ni mtu wa kutukumbusha hivyo. Tuliletewa bei ya faini.

Upande wa mashtaka utaleta Bangladesh, na ni haki yao. Kuanzia mwisho wa 2020 watafiti waligawa barakoa za bure katika vijiji vilivyokuwa sehemu ya utafiti wa vijiji 600. Waliwaomba maimamu na wazee wa vijiji wavae kwanza, na wakawakumbusha watu kwa maneno mema sokoni na msikitini. Waliovaa sawasawa wakaongezeka kutoka asilimia 13 hadi 42. Wazee wa miaka 60 na zaidi walioishi katika vijiji vilivyogawiwa barakoa za hospitali walipungukiwa na ugonjwa wenye dalili kwa takriban asilimia 35. Nakiri mbele ya mahakama: puani inafanya kazi, kidevuni haifanyi. Ila naomba iandikwe kwamba kule barakoa ilikuja na imamu. Kwetu Kenya ilikuja na afande. Juni 2020 huko Lessos, kaunti ya Nandi, polisi walimkamata mwendesha bodaboda katika kisa kilichohusu abiria asiye na barakoa, na watu watatu wakaishia kuuawa kwa risasi za polisi. Kitu kikiletwa hivyo, mtu hukivaa pale tu kitakapoonwa na mwenye bunduki, na kidevu huonekana vizuri kutoka barabarani.

Watamleta pia daktari Gérald Mesny. Tauni ilipoingia Manchuria majira ya baridi ya 1910 na 1911, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alisema ugonjwa unapita hewani, akawataka wahudumu wavae vitambaa vya shashi. Mesny, Mfaransa aliyemzidi umri na mwenye cheo, alimdharau, akawapima wagonjwa uso wazi, na baada ya siku chache akafa. Ushahidi mzito, sikatai. Lakini mahakama itazame vizuri: Mesny hakuwa nayo hata kidevuni.

Na San Francisco, mwaka 1918, meya James Rolph aliyetia saini amri ya barakoa alikutwa bila barakoa kwenye pambano la ndondi, akatozwa dola 50. Nasikia wivu nikiisoma habari hiyo. Kwetu amri zilipanda na kushuka, na sikumsikia mheshimiwa aliyelipa hata mbuzi mmoja. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na mashaka ya aina yao: Februari 2021 Rais John Magufuli aliwaonya watu wake dhidi ya barakoa za kutoka nje, akasema anayetaka kuvaa avae ya nyumbani. Sisi tulizipata za nyumbani na za nje, zikashuka bei hadi shilingi kumi, na zote zilijua njia ya kidevuni.

Tarehe 11 Machi 2022 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatuondolea sharti la kuvaa mahali pa wazi. Juni 20 mwaka huohuo akalirudisha kwa mikutano ya ndani, magari ya abiria na supamaketi, kampeni za uchaguzi wa Agosti zikiwa zimepamba moto na wagombea wakihutubia umati uliobanana bega kwa bega. Supamaketi! Huku jina hilo huandikwa juu ya mlango wowote wenye friji ndani yake, kwa hiyo amri ilitugusa. Watu wakazitoa zile za zamani mifukoni, zikiwa zimekunjika kwa kufuata umbo la kidevu cha kila mmoja, wakaenda kununua unga.

Gonjwa jingine litakuja, na nisingependa lituanzishie mjadala upya dukani. Napendekeza kanuni zirekebishwe hivi: barakoa itaziba mdomo na pua, au itakaa mahali ambapo mvaaji anaweza kuifikia kabla afande hajamaliza sentensi. Pendekezo hili nitalipeleka Nairobi mwenyewe, kwa basi. Vizuizi ni vingi kutoka hapa hadi daraja la Tana, lakini nimejiandaa kwa amri zote mbili.