Maombi ya Daraja la 46

Kwa: Msajili wa Alama za Biashara na Huduma
Kutoka: Mafundi wa kuchomelea vyuma, Songea, Mkoa wa Ruvuma

YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA DARAJA LA 46

Ndugu Msajili,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mafundi wa kuchomelea wa Manispaa ya Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni na kutoka Bombambili hadi Msamala, wanakusalimu kwa heshima zote. Kwanza kabisa wanatoa pongezi kwa usajili kuhamia mtandaoni mwaka 2018. Kabla ya hapo fundi aliyetaka kulinda alama yake alipanda basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900, akaulizia Mtaa wa Lumumba, jengo la Ushirika, na akarudi na karatasi ya kuambiwa nini kimepungua. Siku hizi hasafiri. Anakwenda steshenari, anamlipa kijana wa hapo amfungulie akaunti kwa namba ya NIDA, na anakwama akiwa karibu na familia yake. Hayo ni maendeleo.

Anakokwama hakujabadilika. Ni pale fomu inapouliza bidhaa zake ni za daraja lipi.

Chukua fundi wa Mfaranyaki. Ana mashine moja ya kuchomelea, grainda moja, kibanda kimoja cha bati na alama moja: ngao ndogo aliyoikata kwenye kipande cha chuma, ambayo huibandika pembeni mwa kila kazi inayotoka mikononi mwake. Wateja wanaijua. Mtu wa Mbinga akitaka geti anaambiwa atafute lenye ngao. Sasa fundi huyo anataka ngao yake isajiliwe, na sheria, ile Na. 12 ya 1986, inasema haki ya pekee ya kuitumia alama hupatikana kwa kusajili. Vizuri. Anakaa mbele ya kompyuta, anaanza kutaja anachotengeneza.

Geti, grili za madirisha, fremu za milango, bawaba, komeo: daraja la 6, vyuma vya kawaida na vifaa vya ujenzi vya chuma. Fundi anafurahi, anadhani amemaliza. Lakini wiki iliyopita alitengeneza pia mabenchi ya kanisa na kitanda. Hivyo ni fanicha, na fanicha ni daraja la 20, iwe ya mninga au ya skwea paipu. Paipu ni ile ile, imekatwa kutoka kipande kile kile kilichobaki kwenye geti, ila chuma kikishaanza kukaliwa hakihesabiwi tena kuwa chuma. Jiko la mkaa ni daraja la 11, pamoja na koki za maji na majokofu. Jembe la mkono ni daraja la 8, kwenye kundi la wembe, uma na upanga. Mashine ya kupukuchulia mahindi, ambayo ndiyo inayomlisha msimu wa mavuno unapofika, ni daraja la 7. Toroli la kubebea zege ni daraja la 12, na humo liko na ndege na meli.

Hayo ni madaraja sita. Na kwa kuwa Bara ombi moja hubeba daraja moja tu, ngao moja inakuwa maombi sita, ada sita, ukaguzi mara sita, matangazo sita kwenye Jarida la alama, vyeti sita na, baada ya miaka saba, kuhuisha mara sita. Akisajili la 6 peke yake kwa sababu ya mfuko, na jirani akaibandika ngao hiyo hiyo kwenye vitanda, itabidi fundi atafute wakili wa kwenda kubishana kama kitanda ni ndugu wa geti.

Mafundi wanaelewa kwamba mpangilio huu hukuutunga wewe, Ndugu Msajili. Ulitiwa saini Nice, Ufaransa, tarehe 15 Juni 1957, wakati Tanganyika ingali chini ya Mwingereza na hakuna aliyefikiria kuuliza lolote Songea. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1999. Wanaosimamia orodha ni Kamati ya Wataalamu inayokutana Geneva, chini ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, na ni haki kuwasifu watu hao kwa uangalifu wao. Ndani ya daraja la 6 wamekumbuka viwanja vya chuma vya kuteleza kwenye barafu. Wamekumbuka jogoo wa chuma wa kuonyesha upepo unakovuma. Wamekumbuka mbao za kurukia kwenye maji, ambazo zikiwa za chuma huitwa hivyo hivyo, na wamekumbuka pingu. Songea huwa na baridi kali Juni na Julai, hilo halina ubishi, ila Mto Ruvuma haujaganda bado.

Hata hivyo, pamoja na barafu hiyo yote, Kamati imekumbuka pia banda la nguruwe. Limo kwa jina, daraja la 6, likiwa la chuma. Mafundi waliposikia hivyo walisimamisha kazi kwa muda. Hatimaye mtu mmoja Geneva alikuwa amefika Ruhuwiko ya Songea! Furaha ilidumu hadi walipogundua kwamba banda lisilo la chuma ni daraja la 19. Banda la hapa lina nguzo za chuma, kuta za mabanzi na paa la bati, na kanuni inasema kitu cha mchanganyiko hufuata kile kilichozidi. Kwa hiyo fundi apime mabanzi kwanza. Nguruwe mwenyewe akiwa hai ni daraja la 31. Akichinjwa anahamia la 29. Akiletwa mezani kwa jina la kitimoto, na ndizi pembeni, huduma hiyo ni ya 43. Mnyama huyu amevuka madaraja matatu, na hakulipa ada hata moja.

Ndiyo sababu mafundi wanaomba daraja jipya.

Wanajua utasema madaraja ni 45 na hayaongezwi hovyo. Ni kweli, ila huongezwa. Hadi mwisho wa mwaka 2001 yalikuwa 42. Tarehe 1 Januari 2002 daraja la 42, lililokuwa limerundikiwa kila huduma iliyokosa kwao, lilipasuliwa likazaa la 43, la 44 na la 45. Mawakili leo wako la 45, pamoja na wazikaji, watabiri wa nyota na wanaotafutia watu wachumba. Kama dunia iliweza kuwatafutia hao chumba cha pamoja, haiwezi kushindwa na watu wenye karakana yao tayari. Na kwa kuwa mapendekezo hupelekwa Geneva na ofisi za usajili za nchi wanachama, si na mafundi, wamekuandalia rasimu ili usisumbuke. Inafuata mtindo wa Geneva neno kwa neno.

Daraja la 46. Vitu vyote vilivyochomelewa na fundi mmoja chini ya bati moja, bila kujali kama vitafunguliwa, vitakaliwa, vitasukumwa au vitapikiwa.

Daraja hili linajumuisha hasa: geti lenye mlango mdogo wa watu, kiti kilichotokana na mabaki ya geti hilo, jiko lililotokana na mabaki ya kiti hicho, grili ambayo mteja alileta picha yake kwenye simu akasema anataka kama hiyo ila ya bei nafuu, kazi iliyolipiwa nusu, kazi ambayo fundi amesema itakuwa tayari kesho, hiyo kesho ikiwa na maana yake ya kawaida.

Daraja hili halijumuishi hasa: pingu (la 6), ambazo hakuna fundi aliyeziomba, nanga za meli (la 6), isipokuwa kwa fundi wa Mbamba Bay, ambaye ana ziwa, viwanja vya barafu (la 6), hadi hali ya hewa itakapobadilika, na kazi iliyochomelewa na mwanafunzi wakati fundi amekwenda msibani, ambayo Msajili ataiamua mwenyewe akifika kuiangalia.

Kuhusu ukaguzi, rasimu inapendekeza utaratibu mfupi. Sheria inataka alama iwe na uwezo wa kupambanua bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. Mkaguzi atapelekwa mtaani macho wazi, ataonyeshwa mageti kumi, ataulizwa lipi ni la nani. Akishindwa, ataulizwa mtoto yeyote anayepita na ndoo ya maji. Jibu la mtoto litaandikwa kwenye jalada. Baada ya hapo mkaguzi ataketi kwenye benchi lenye alama inayoombewa usajili kwa muda wa kunywa chai moja, na asipoanguka, sharti la ubora ambalo sheria haikuliweka litahesabika limetimizwa kwa hisani.

Kura ya Geneva inahitaji nne katika kila tano za wajumbe wanaopiga. Mafundi wako tayari kukugharamia sampuli: geti la milango miwili, limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, litakalosimamishwa mlangoni mwa ukumbi ili kila mjumbe alifungue akiingia. Asiyejua kuinua komeo kabla ya kusukuma hataingia, na kura za wasiofika hazihesabiwi. Toleo la 12 la orodha lilianza 1 Januari 2023 na siku hizi matoleo hufuatana kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo nafasi zipo, na rangi haitakuwa imebanduka.

Yapo na maombi madogo. Eleza kwa nini cheti cha kwanza hudumu miaka saba na kikihuishwa hudumu kumi, ilhali geti ni lile lile. Jarida la alama, ambalo mtu ana siku 60 za kupinga kinachotangazwa humo, libandikwe pia stendi, kwa kuwa anayeiga ngao hapa hajawahi kuliona na aliyeigiwa pia hajaliona. Geti likivuka bahari kwenda Unguja linakuta sheria nyingine, Na. 4 ya 2008, na ofisi nyingine. Wapewe walau nauli ya boti. Alama kwa sheria ya Bara ni lazima ionekane, hivyo mlio wa komeo, ambao mke wa mtu huutambua saa sita za usiku, hausajiliki. Wanaomba mlio usikilizwe. Na neno "Songea" juu ya geti, ambalo watu wa Tunduru hulitafuta, lisikataliwe kwa kosa la kuwa jina la mahali.

Kuna waliopendekeza Harare. Chini ya Itifaki ya Banjul, ambayo Tanzania ni mwanachama, ombi moja kwa ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu lililoko huko, laweza kubeba madaraja mengi na nchi kadhaa. Yaani fundi wa Mfaranyaki aombe ulinzi wa Mfaranyaki kwa kupitia Zimbabwe. Alipouliza kama ombi hilo litamfaa nyumbani, mawakili walimshauri asilitegemee peke yake, kwa kuwa sheria ya 1986 haikuandikwa kuitambua itifaki hiyo. Fundi alishukuru.

Sasa lisemwe lililo moyoni. Kufuli linaloletwa kwa kontena linafika dukani likiwa na jina, sanduku na ile alama ndogo ya duara kwamba limesajiliwa. Likighushiwa, ipo Tume ya Ushindani, ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, zipo picha za shehena ikiteketezwa mbele ya kamera. Vizuri sana. Fundi wa Songea akiigwa, mtu mmoja mtaani anachukua ngao yake, anaichomelea kwenye grili ya chuma chembamba ambayo mwizi huipinda kwa mkono, na mwenye nyumba anakuja kumtukana fundi wa kweli mbele ya wanafunzi wake. Akilalamika anaulizwa cheti. Anatoa cheti cha jina la biashara alichokitundika ukutani, alichokilipia, alichodhani ndicho. Anaambiwa hicho si hicho. Hicho ni cha jina, hakilindi alama. Na hakuna aliyemwambia siku alipokuwa akilipa. Macho yake mekundu kwa mwanga wa weldi, mgongo umepinda, anaibiwa mchana kweupe, na swali la kwanza analoulizwa ni daraja lipi. Usajili huu ulitungwa kwa ajili ya mwenye wakili. Asiye na wakili amewekewa fomu.

Mafundi wanaomba radhi kwa aya iliyotangulia. Iliandikwa umeme ukiwa umekatika. Songea iliungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, kwa hiyo aya za namna hiyo siku hizi ni chache kuliko zamani.

Wanaendelea kukuamini, na hasa wanaamini kwamba utasema ombi lao limewekwa kwenye daraja lisilo lake. Wamejiandaa. Barua si kifaa cha ujenzi wala si fanicha. Ni karatasi, na karatasi ni la 16.

Wako katika ujenzi wa taifa na uzio wake,

Mafundi wa kuchomelea, Songea.

Kiambatanisho: bawaba moja, yenye alama.

Nakala: Kamati ya Wataalamu, Geneva, kwa utekelezaji. Ofisa Biashara wa Manispaa, kwa taarifa. SIDO Ruvuma, kwa taarifa. Mteja wa banda la nguruwe, Ruhuwiko, kwa kumalizia nusu iliyobaki.